Sumu Haina Haraka: Majibu kwa Madai Manane Kuhusu Dawa za Shambani

Anayesafiri kwa barabara kuu ya TANZAM msimu wa mavuno hawezi kupita Ilula bila kuona nyanya. Matenga yamejaa kando ya lami, malori yanapakia, wachuuzi wanayakimbilia madirisha ya mabasi. Akiendelea hadi Uyole, kisha akapanda Umalila au Rungwe, atakuta viazi mviringo; akishuka bonde la Usangu, mpunga. Iringa na Mbeya zinailisha Dar es Salaam na miji mingine mingi, na sehemu kubwa ya chakula hicho imepitiwa na bomba la kupulizia kabla ya kupakiwa.

Mkulima hapulizi kwa kupenda. Ukungu na mvua za baridi za Nyanda za Juu Kusini ndiyo hali inayostawisha bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kuunguza shamba zima la viazi au nyanya ndani ya siku chache. Tangu mwaka 2014 ameongezeka kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini, anayetoboa majani na matunda ya nyanya na ambaye dawa nyingi zimeshindwa kumtuliza. Anayemwambia mkulima aache dawa, basi, hajawahi kusimama kwenye shamba lililoungua huku mkopo wa pembejeo ukimsubiri.

Lakini pamoja na dawa yamekuja madai yanayorudiwa dukani, shambani na sokoni hadi yakaonekana ni elimu. Ninayajibu manane hapa, kwa sababu yanaumiza watu. Karibu yote yana kosa moja: yanaipima sumu kwa kile inachofanya leo.

Dai la 1: “Dawa kali utaijua kwa harufu.”

Harufu haipimi chochote. Parakwati, dawa ya kuua magugu, ilivyo yenyewe hainuki sana. Watengenezaji ndio walioiongezea harufu mbaya, rangi ya buluu na kitu cha kutapisha, kwa sababu watu walikuwa wakiinywa kwa kudhani ni kinywaji. Nguvu yake ya kuua ilikuwapo kabla ya harufu hiyo kuongezwa. Dawa nyingine hunuka kwa sababu ya mafuta yaliyotumika kuyeyushia kiini chake, na mafuta hayo hayakuambii kama kiini ni kikali au hafifu.

Ushahidi mzito zaidi hauko shambani; uko Chunya, mkoani Mbeya. Kwenye machimbo ya Lupa, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuishika dhahabu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Mvuke unaopanda hauna rangi wala harufu, na anayeuvuta hakohoi. Hata hivyo unapita kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo. Zebaki inayomwagika mtoni hugeuzwa na vijidudu vya kwenye tope kuwa zebaki ya aina nyingine, inayojilimbikiza ndani ya samaki. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Anayesubiri pua imwonye atasubiri hadi mikono ianze kutetemeka.

Dai la 2: “Ukimaliza kupuliza, kunywa maziwa, yanakata sumu.”

Hili ndilo dai ninalolichukia kuliko yote, kwa kuwa linampa mtu ujasiri wa kupuliza bila kinga.

Tuangalie sumu inaingiaje. Kwa anayepuliza, njia kubwa ni ngozi: mikono inayochanganya dawa, mgongo unaolowa bomba likivuja, miguu inayopita katikati ya majani mabichi. Mvuke na matone madogo huingia kwa pua na mdomo. Maziwa yanakwenda tumboni, mahali ambapo sehemu kubwa ya sumu hiyo haikupitia kabisa.

Sasa tuangalie inafanya nini. Dawa za kundi la organofosfati, kama profenofosi na klopirifosi, hukizuia kimeng'enya kinachoitwa kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara za mishipa ya fahamu zikishamaliza kazi. Kikizuiwa, ishara haizimiki. Mate na jasho hutoka kwa wingi, mboni za macho husinyaa, misuli hucheza yenyewe, tumbo husokota, na hali ikiwa mbaya pumzi hukata. Hakuna kitu ndani ya maziwa kinachoweza kukifungua kimeng'enya hicho. Zaidi ya hapo, nyingi ya dawa hizi huyeyuka kwenye mafuta, hivyo aliyeimeza sumu akaongezewa maziwa yenye mafuta anaweza hata kusaidiwa kuifyonza.

Kinachosaidia kinajulikana. Mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni na maji mengi, usimlazimishe kutapika, mkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa yenyewe. Huko daktari ana atropini, dawa inayopambana na madhara ya organofosfati, lakini ataitumia vizuri akijua mgonjwa alikuwa anapuliza nini.

Dai la 3: “Nimepuliza miaka yote hii na sijapata kitu.”

Mzee anayesema hivi ana haki ya kusikilizwa, kwani anasimulia alichokiona. Tatizo ni wale asiowaona. Waliodhoofika wakaacha kilimo hawapo shambani kumjibu. Isitoshe, hata yeye aliyepo huenda amewahi kuugua bila kujua sababu. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea: dalili hizi zinafanana mno na za malaria. Mtu hupuliza mchana, huzidiwa jioni, hununua dawa ya malaria, na kesho yake akipata nafuu huamini imefanya kazi. Kumbe sumu ilikuwa inaondoka mwilini taratibu.

Wakulima wa mboga wa Kanda ya Kaskazini walipoulizwa moja kwa moja, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2007, asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza kwa kawaida. Hao hawakunywa sumu wala hawakupata ajali. Walikuwa kazini kama siku nyingine yoyote.

Kuna pia madhara yanayochukua miaka. Marekani ilianza mwaka 1993 kuwafuatilia wapuliziaji wenye leseni na wenzi wao katika majimbo ya Iowa na North Carolina, watu zaidi ya 80,000. Kutoka kundi hilo watafiti waliripoti mwaka 2011 kuwa waliotumia parakwati walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, karibu mara mbili na nusu ya wasioitumia. Bila kuwafuatilia watu kwa miaka mingi na kuandika kila walichotumia, uhusiano huo usingeonekana. Mkulima wa Kilolo hana daftari la namna hiyo, na zahanati yake mara nyingi haimuulizi alipuliza nini. Kukosekana kwa rekodi si ushahidi wa usalama.

Dai la 4: “Ina utepe wa kijani na serikali imeipitisha, kwa hiyo haina madhara.”

Utepe wa rangi kwenye lebo hufuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani. Nyekundu ni hatari zaidi, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na mwisho kijani. Watu wengi hawajaambiwa madaraja haya yanapima nini. Msingi wake ni kiasi cha dawa kinachoua nusu ya panya wa maabara kwa mara moja. Yaani rangi inajibu swali moja tu: dawa hii inaua haraka kiasi gani? Haisemi lolote kuhusu saratani, mimba, ubongo wa mtoto au miaka 20 ya kupuliza.

Mfano ni mankozebu, unga wa kuzuia ukungu ambao kila mkulima wa viazi Mbeya anaufahamu. Kwa sumu ya papo hapo iko daraja la chini kabisa, la kijani. Lakini mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha idhini yake, kwa hoja kwamba inaweza kudhuru uzazi na kuvuruga homoni. Hakuna mgongano hapo: ni maswali mawili tofauti yenye majibu mawili tofauti. Upande wa pili, parakwati iko daraja la njano, la kati, ilhali funda dogo linaweza kumuua mtu mzima na hakuna dawa ya kumrejesha.

Ama kuhusu kupitishwa, kazi hiyo leo iko kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Usajili ni ruhusa yenye masharti: kipimo hiki, zao hili, nguo hizi, siku hizi za kusubiri kabla ya kuvuna. Anayepima kwa kizibo cha chupa, akapuliza akiwa na kandambili na fulana, hayumo ndani ya ruhusa hiyo. Serikali haijawahi kupitisha matumizi ya namna yake.

Na kilichopitishwa jana hutazamwa upya. Endosalfani, iliyotumika miaka mingi kwenye pamba na mboga, iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani. Klopirifosi ilifuata mwaka 2025, ikiachiwa misamaha ya muda, baada ya tafiti za miaka mingi kuihusisha na kudhoofika kwa ukuaji wa ubongo wa watoto waliofikiwa nayo wakiwa tumboni.

Dai la 5: “Ukichanganya dawa tatu, nguvu inakuwa mara tatu.”

Katika utafiti ule wa Kanda ya Kaskazini, takribani theluthi moja ya wakulima walikuwa wakichanganya dawa ndani ya bomba moja, na lebo wala maafisa ugani hawakuwa wamewapa maelekezo yoyote ya kufanya hivyo. Mara nyingi dawa mbili zenye majina tofauti ya biashara zina kiini kilekile, kwa hiyo mkulima amelipa mara mbili na kuongeza dozi bila kujua. Nyingine zikikutana huharibiana. Nyingine huongezeana ukali kwa mdudu, na pia kwa aliyebeba bomba. Na mdudu anayesalimika baada ya mchanganyiko huo huzaa watoto wasiotishika tena. Kantangaze alipata usugu kwa njia hiyo. Soma jina la kiini, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, na ubadilishe viini kwa zamu badala ya kuvirundika pamoja.

Dai la 6: “Osha nyanya kwa maji, dawa imekwisha.”

Kuosha kunasaidia, na kila nyumba ioshe. Ule unga mweupe au wa manjano unaoonekana kwenye nyanya za sokoni mara nyingi ni dawa ya ukungu iliyokaukia kwenye ganda, na sehemu yake huondoka ukisugua kwa maji yanayotiririka. Lakini dawa za kupenya, kama metalaksili, zimetengenezwa ili ziingie ndani ya mmea na kusafiri na maji yake. Hiyo ndiyo kazi iliyozifanya zinunuliwe. Maji ya bomba hayawezi kufuata kitu kilicho ndani ya nyama ya tunda.

Wengine hujifariji kwamba moto utamaliza kilichobaki. Kwa mankozebu mambo ni kinyume. Ikichemshwa huvunjika na kuacha kemikali iitwayo ETU, inayovuruga tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Wenyeji wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua tezi hii: kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa miongoni mwa yaliyosumbuliwa zaidi na rovu kwa ukosefu wa madini joto, hadi kampeni za chumvi yenye madini joto zilipopunguza tatizo. Baada ya juhudi zote hizo kuilinda, sioni sababu ya kuipa tezi hiyo mzigo mpya kupitia rojo la nyanya. Osha kabla ya kupika.

Ulinzi wa kweli, hata hivyo, uko shambani, kwenye siku za kusubiri. Kila lebo inataja siku zinazopaswa kupita kati ya kupuliza na kuvuna, ili mwanga wa jua na mmea wenyewe viivunje dawa. Hapa nyanya ina ugumu wake, maana huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, na bei ikipanda mnunuzi wa lori hasubiri. Mkulima aliyepuliza Jumatatu anabembelezwa kuchuma Jumatano. Ndiyo maana shambulio la wadudu likija wakati wa kuchuma, lazima dawa iwe ya siku chache za kusubiri, na muuza pembejeo ndiye wa kwanza anayepaswa kulisema hilo.

Dai la 7: “Kemikali zote ni sumu, vya asili havina madhara.”

Dai hili linatoka upande wa pili, kwa watu wanaojali afya, na kwa hiyo linastahili jibu la heshima. Halina ukweli.

Pareto inalimwa Mbeya, Iringa na Njombe na kusindikwa Mafinga. Ni ua, ni la asili, na ni sumu ya wadudu inayouzwa duniani kote. Huvunjika haraka juani na ni afadhali kwa binadamu kuliko dawa nyingi, lakini huua samaki na nyuki. Utupa, mmea ambao wavuvi wameutumia tangu zamani kulevya samaki, una viini vya kundi la rotenoni. Na ule utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliihusisha rotenoni na Parkinson kwa kiwango kilekile cha parakwati.

Kisha kuna kuvu wa mahindi, wasiotengenezwa kiwandani popote. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nyabula, mkoani Iringa, ilikuwa moja ya vijiji vitatu vilivyofuatiliwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2015: watoto ambao mkojo wao ulikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha fumonisini, sumu nyingine ya kuvu wa mahindi, walikua polepole zaidi. Hilo linapaswa kutusumbua, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchini kwa udumavu, karibu watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano. Sababu za udumavu ni nyingi, na kuvu ni mmoja tu wa washukiwa. Lakini anayepigana na kila kilichotoka dukani, huku akisaga mahindi yaliyoota ukungu, ameacha mlango mmoja wazi kabisa.

Maswali ya kuuliza ni yaleyale kwa kitu cha kiwandani na cha porini: ni kiasi gani, kinaingia mwilini kwa njia ipi, kwa muda gani, na kwa nani. Mjamzito na mtoto mchanga wana majibu tofauti na mtu mzima.

Dai la 8: “Bila dawa hizi tutakufa njaa.”

Sri Lanka imetupa mafunzo mawili, na yote mawili yasomwe pamoja. Kwa miaka mingi nchi hiyo iliondoa dawa zilizo hatari zaidi hatua kwa hatua, zikiwemo parakwati, dimethoeti na fenthioni kati ya mwaka 2008 na 2011. Vifo vya kujiua, ambavyo vingi vilitokana na kunywa dawa za shambani, vilipungua kwa takribani asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015, na mavuno hayakuporomoka. Kisha mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku kwa ghafla mbolea na dawa zote za viwandani. Uzalishaji wa mpunga ulianguka na katazo likafutwa mwaka huohuo.

Basi hatulazimiki kuchagua kati ya njaa na sumu. Zinazopaswa kuondoka ni zile kali zaidi, mbadala ukiwa tayari mkononi mwa mkulima. Mbadala upo. Ziko mbegu za viazi zinazostahimili bakajani, kama Sherekea. Iko mitego ya harufu inayomvuta dume la kantangaze na kumwonyesha mkulima kama mdudu amefika au bado, ili asipulize kwa hofu. Kuna kubadilisha mazao, kuondoa masalia, na kupuliza kwa kukagua shamba badala ya kufuata kalenda.

Wajibu ni wa nani?

Mara nyingi mazungumzo haya huishia kwa kumhimiza mkulima avae barakoa na glovu. Avae, na nguo za kupulizia zisifuliwe pamoja na za watoto, na chupa tupu itobolewe ili isiwekewe mafuta ya taa wala maji ya kunywa. Lakini mkulima ndiye mtu mwenye taarifa chache zaidi kwenye mnyororo wote.

Muuza pembejeo amtajie kila mteja siku za kusubiri, na asimimine dawa kwenye chupa za maji zisizo na lebo. Mamlaka izitazame upya dawa ambazo nchi zinazozitengeneza zimezikataa mashambani kwao. Masoko ya Mwanjelwa na Ilula yapimwe mara kwa mara na matokeo yatangazwe hadharani, kwa sababu mlaji naye ana haki ya kujua. Kila zahanati ya vijijini imuulize mgonjwa mwenye homa msimu wa kilimo: umepuliza nini, lini? Na afisa ugani apewe usafiri wa kumfikisha shambani kabla ya dawa kufika.

Siku mkulima wa Ilula na Umalila atakapokuwa na taarifa hizo, kinga hizo na mbegu hizo, kisha akaamua kupuuza, tutakuwa na haki ya kumlaumu. Leo bado tunamdai uangalifu ambao hatujampa nyenzo za kuutekeleza.